Mama Maria Alipopitishwa Mlangoni Kwangu

Tumsifu Yesu Kristo! Aa, mbona mnaitikia kama wagonjwa? Haya, asanteni. Ndugu zangu wa jumuiya, jina la mtu sitaji, kwa hiyo msianze kutazamana.

Mnakumbuka kiwanda kilipofungwa, wanaume wa hapa Mkuyuni wakatawanyika. Mume wangu alikwenda visiwani, huko ziwani, kuvua sangara. Alirudi amekonda, anakohoa. Tulipomzika watu walinong'ona tu. Leo nautaja mwenyewe ugonjwa ule: Ukimwi.

Basi ikaingia Oktoba. Desturi yetu mnaijua, sanamu ya Mama Maria inalala kila nyumba kwa zamu, tunasali rozari, mwenyeji anapika chai. Nikafua kitambaa cheupe, nikatandika meza, nikaweka maua. Jioni nikasikia wimbo unapanda, unakaribia, halafu unapita. Mama akaingizwa nyumba ya pili. Nikajipa moyo, labda kesho. Kesho yake wakapita tena. Hakuna aliyetaka kunywea vikombe vyangu.

Nawaambia ukweli, nilimkasirikia Mama mwenyewe. Nikamwambia, hata wewe uliyemzika mwanao unaniogopa? Nikajilaza chini nisubiri kufa. Binti yangu akileta uji, nageukia ukutani. "Mama, kula basi," mtoto analia, nami hata simtazami.

Mchana mmoja nikasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Nansio. Sanamu ilikuwa imelala kwake. Kumbe ameifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga!

"Shikamoo bibi. Umekosea nyumba."

"Marahaba. Macho ninayo. Chai iko wapi?"

Binti akakimbilia jikoni. Sukari hatukuwa nayo. Bibi akanywa hivyo hivyo, tena kwenye kikombe cha marehemu, akamaliza. Kisha akakijaza kile kile, akanipa. "Sinyanyuki hapa mpaka umalize. Huyu mtoto unamwachia nani?"

Nikanywa huku nalia. Jioni ile nikala ugali.

Nanyi mkaja mnaitafuta sanamu. Bibi akapaza sauti kutoka ndani: "Mama yuko huku! Anayemtaka aingie." Wengine waliingia, wengine walibaki nje wakitazama viatu vyao. Wote nawaona hapa leo. Kinyongo kimebaki kidogo tu, Mungu anaendelea nacho.

Yule bibi tumeshamzika. Namshukuru, nawashukuru na mlioingia. Binti yangu huyo hapo, ameshanipita urefu. Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kufa kwa kupitwa mlangoni, kabla hata ugonjwa haujammaliza.

Sasa sikilizeni. Kule juu kwenye mawe kuna nyumba yenye mgonjwa, na jana wimbo wetu uliipita. Nilikuwemo, nikanyamaza. Leo Mama amelala kwangu, na kanga ninayo. Kesho nampeleka kule, na chai nitanywea vikombe vyao. Anayemtaka Mama, aje aingie.