Taa ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Kabla hakujapambazuka nilisikia swichi ikilia ta: mjukuu wangu alikuwa ananiwashia taa nisijikwae nikifunga mzigo. Nilikuwa bado namshukuru moyoni, ndani ya hiace ya kwenda Bunda, mama mmoja alipomgeukia fundi umeme aliyepakata boksi la balbu.

"Fundi, hizo nyeupe ndizo zinanifukuzia mama mkwe." Bibi huyo alikuwa ametoka Buhemba kuja kukaa nao Bweri, kwenye nyumba mpya. "Hapati usingizi. Anasema chumba chake kimekuwa wodi. Jumapili anarudi kwake."

"Si azime, dada."

"Swichi iko mlangoni. Akizima, anarudi kitandani anapapasa, na alishaanguka. Basi analala inawaka, kajifunika khanga usoni."

"Watu wanapendaga mwanga mkali. Ukiwafungia hafifu wanasema umewaibia."

"Na anayelala humo mnamuulizaga?"

Tulipofika Guta fundi alifungua boksi lake. Si yeye aliyefunga taa ile, lakini aibu aliibeba. Kisha akachagua balbu ya njano, akaivingirisha kwenye leso yake isivunjike, akampa.

"Ukirudi Bweri leo, mfungieni hii. Jumamosi nakuja kuweka swichi pembeni ya kitanda."

"Na akiondoka hata hivyo?"

"Mwambie anisubiri."

Gari lilikuwa limesimama Bunda.

"Utamwambia mwenyewe," mama akasema, akishuka na balbu yake kifuani. "Na ukishaweka hiyo swichi, urudi tena kututembelea, hata kama hakuna kilichoharibika."