Tairi Lilihamishwa, Shimo Likabaki

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, wafiwa wenzangu, majirani wa Kibimba na ninyi mliotoka Nyakahura na Nemba, wengi wenu mnanifahamu, mimi ni Ildefonce, mdogo wake marehemu Wiston, na kwa miaka kumi na tisa sasa ndiye ninayesimama mbele ya majeneza ya kijiji hiki na kusoma karatasi kama hii. Nimesoma za watu wema, nimesoma na za wale ambao wema wao ulianza siku ya kuwazika. Kamati imenipa dakika kumi, na asubuhi hii mjumbe mmoja amenifuata akaniomba kwa upole kwamba nikifika kwenye ugonjwa niseme tu binti yetu alipata ajali michezoni, kisha niendelee. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sasa naomba naye anisikilize.

Eufrazia Nyandwi alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 2003 hapa Kibimba, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa saba wa mzee Wiston na mama Scolastica, ndiyo sababu akaitwa Nyandwi, jina tunalompa wa saba, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitembea kwa mikono kabla hajamaliza kujifunza kutembea kwa miguu, nasi tukadhani bibi anaongeza chumvi, mpaka siku tulipomkuta, ana miaka minne, amesimama kichwa chini miguu juu kwenye ukuta wa jiko, akisubiri uji upoe. Baba yake alifariki tarehe 3 Juni 2011, na kuanzia siku hiyo mimi nikahesabiwa kuwa mlezi wake, neno ambalo naomba mlishike, maana nitalirudia.

Alisoma elimu ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia Januari 2010 hadi Septemba 2016, akafaulu, na Januari 2017 akaanza kidato cha kwanza Nyakahura, wilayani Biharamulo, akikaa kwa shangazi yake Bernadetha, anayeuza ndizi mbivu pale soko la barabarani. Huko ndiko alikokutana na jimnastiki, katika klabu iliyoitwa Mbayuwayu, chini ya Mwalimu Rogasian. Klabu haikuwa na vifaa, ilikuwa na tairi la lori lililofukiwa nusu, ambalo watoto walilikanyaga likawarusha juu, na mbele ya tairi mwalimu alichimba shimo pana, akalijaza mchanga na majani makavu ya migomba, humo ndimo walimoangukia. Kila Jumamosi kila mwanamichezo alifika na mzigo wake wa majani kichwani, na sheria ya mwalimu ilikuwa moja, asiye na mzigo haruki. Kwa sheria hiyo Eufrazia aliruka miaka miwili na nusu bila hata kuteguka kidole, na Julai 2018 akapata medali ya fedha katika mashindano ya kanda, medali ambayo mama yake ameishika mkononi tangu juzi, na tumeshindwa kumwambia aiweke chini.

Mwezi Mei 2019 chama cha kanda cha mchezo huo kilileta Nyakahura magodoro manne ya buluu ya kuangukia, yakiwa bado kwenye nailoni, yakafungiwa stoo yakisubiri mgeni wa kuyazindua, na ufunguo akakaa nao katibu wa chama, Ndugu Ndassa, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo, amekaa pale kwenye hema la wageni. Watoto waliendelea kubeba majani. Mwezi Agosti ikatangazwa kuwa mgeni rasmi anakuja, mazoezi yakawa asubuhi na jioni, kifundo cha mguu wa kushoto wa Eufrazia kikavimba, rafiki yake Zita akamweleza mwalimu, naye mwalimu, aliyekuwa hajawahi kumcheka mtoto anayeumwa, safari hiyo akajibu kwamba bingwa hachechemei mbele ya wageni.

Sasa nafika Jumamosi tarehe 24 Agosti 2019, nami nitaisoma polepole. Hema la wageni lilijengwa upande wa barabarani, penye kivuli, na shimo la kuangukia lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Ikaonekana kwamba mgeni rasmi akikaa kivulini atawaona watoto kwa mbali na kwa mgongo, jambo ambalo sisi watu wa huku tunaliona ni aibu kubwa kuliko mtoto kuvunjika, kwa hiyo asubuhi hiyo vijana wakaagizwa walifukue tairi, wakaliviringisha, wakalifukia upya mbele ya meza kuu. Tairi lilihamishwa, shimo likabaki lilipo, kwa sababu shimo halibebeki. Magodoro yalitolewa stoo siku hiyo, hilo ni kweli na limeandikwa kwenye taarifa ya chama, lakini taarifa haikuandika yalitandikwa wapi. Yalitandikwa chini ya viti vya meza kuu, yote manne, ili vumbi la Agosti lisiwachafue wageni viatu. Zita alikuwa amesimama karibu, akamsikia Mwalimu Rogasian akiuliza, "Na shimo je?" akajibiwa na katibu, "Mwalimu, unataka mgeni akae anageuza shingo?" Mwalimu akarudi kuwapanga watoto.

Saa nane na dakika ishirini mchana Eufrazia alikanyaga tairi kwa mguu uliovimba, akitakiwa apinduke nyuma mara mbili, akapinduka mara moja na nusu, akashuka kwa shingo juu ya ardhi iliyokuwa haijaona mvua tangu Mei. Wageni walipiga makofi kwanza, kwani hawakujua mruko ule ulipaswa kuishia vipi. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo ninapolirudia lile neno mlezi. Niliitwa, nikafika Nyakahura jioni, nikamkuta mtoto amelazwa kwenye zahanati, mganga amesema apelekwe Mwanza haraka, gari la chama liko nje, dereva ameshakaa, na Ndugu Ndassa ana karatasi. Karatasi ilisema kwamba mwanamichezo aliruka kwa hiari yake, nje ya ratiba, bila idhini ya kocha. Akaniambia, "Mzee Ildefonce, saini tu, gari litoke." Msije mkadhani sikuisoma, mimi ndiye ninayewasomea barua kijiji hiki kizima. Niliisoma yote, nikaielewa yote, nikaiegemeza kwenye boneti ya gari, nikasaini.

Kilichofuata kilitoka kwenye karatasi hiyo kama funza atokavyo kwenye kidonda. Chama kiliunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake akawa huyo huyo katibu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkaguzi wa usalama wa uwanja, yaani alijiandikia barua kwa mkono wa kulia, akajijibu kwa mkono wa kushoto. Kamati ikaamua kwamba kosa ni la mtoto, tukakata rufaa, rufaa ikarudishwa kwake. Wahenga walishatuonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere, tukaipeleka. Tarehe 11 Novemba 2019, Eufrazia akiwa hawezi kuinua kiungo chochote chini ya mabega isipokuwa mkono wa kulia, ilifika barua ya kumfungia kushiriki mashindano kwa miaka miwili kwa kosa la utovu wa nidhamu. Nilimsomea mimi. Aliuliza kama miaka miwili inahesabiwa kuanzia siku ya kosa au siku ya barua, akacheka, mama yake akatoka nje. Wiki hiyo hiyo chama kilileta godoro moja la buluu, pamoja na mpiga picha, nasi tukalipokea kwa mikono miwili, likiwa bado na alama za miguu ya viti, vishimo vinne vinne. Juu ya godoro hilo amelala miaka sita.

Kuhusu kazi, marehemu hakuwahi kuajiriwa, lakini kuanzia Machi 2021 alifundisha watoto kumi na wanne wa kijiji hiki kuruka, yeye akiwa amelazwa mlangoni, wao uani, tairi lao na shimo lao vikiwa mbele ya macho yake. Alitunga sheria zake kwenye daftari, ya kwanza ikisema, mtoto akisema anaumwa, mazoezi yamekwisha, na ya pili, mgeni ndiye ahame, shimo lisihame. Katika miaka hiyo yote ameumia mtoto mmoja tu, aling'oka jino, na jino lenyewe lilikuwa la utoto, lilikuwa linatafuta sababu. Kuhusu ndoa, hakujaliwa. Alikuwepo kijana wa Nemba, Gaudence, aliyekuja kila Jumapili kwa mwaka mzima kumtoa nje aote jua, halafu kwao wakamwita, hakurudi, nasi hatumlaumu. Hakuacha mtoto wa kumzaa, ameacha wale kumi na wanne, mnawaona pale, wamekaa chini.

Mwaka 2022 alitaka kuiona ile karatasi, nikampelekea nakala, akaiona sahihi yangu. Hakunisemesha mwezi mzima. Kisha akaniita, nikakaa, akasema, "Baba mdogo, mimi nitatangulia, na msomaji ni wewe. Siku yangu usome na hiyo, usiache mstari." Hakuomba kingine. Mtu akilala miaka sita anaweza kuzoea kitanda, lakini hakuzoea kuitwa mtovu wa nidhamu, yeye ambaye hakuwahi kuruka bila mzigo.

Ugonjwa uliomchukua ni vidonda vya kulalia vilivyoingia hadi mfupani, na figo, ulianza kumzidi mwezi Juni mwaka huu, akafariki Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mama yake akimnywesha maji kwa kijiko, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, miezi saba na siku moja.

Kwa hiyo leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, mbele ya jeneza hili na mbele yenu nyote, mimi Ildefonce, niliyekuwa mlezi, nasema kwamba karatasi ile ilikuwa ya uongo, nilijua ni ya uongo nilipokuwa naisaini, na sahihi yangu naiondoa. Eufrazia Nyandwi aliruka alipoambiwa aruke, na mahali alipoambiwa arukie. Ndugu Ndassa, nakala mpya yenye maneno haya na mashahidi watatu iko mfukoni mwangu, utaipokea kabla hujaondoka, na hapa hakuna gari linalosubiri. Godoro la buluu tumeliosha, kesho litapelekwa uani kwa wale watoto, na atakayeweka kiti juu yake ajue ameweka kiti juu ya mtoto wetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misheni na wa Mwanza, ambao hawakuwahi kutuuliza nani ana kosa kabla ya kumgeuza mgonjwa, inamshukuru shangazi Bernadetha aliyefunga biashara yake miaka miwili kuja kumuuguza, majirani mliombeba kwa machela mpaka tukaacha kuhesabu mara ngapi, na Zita, aliyetoa ushahidi alipokuwa na miaka kumi na saba, wakati mimi mwenye mvi niliogopa. Mwalimu Rogasian, ulikuja jana ukashika jembe kabla ya wenye kaburi, na wachimbaji wameniambia kwamba ulipomaliza ulishuka chini na mzigo wa majani makavu ya migomba, ukayatandika. Nilikwenda pale nikitaka kuyatoa kwa hasira. Nimeyaacha.

Nyandwi, mwanangu, karatasi nimeisoma yote, sikuacha mstari. Pumzika kwa amani, safari hii shimo lipo mahali pake.