Kokwa Thelathini na Tisa za Tadeo Misago

Baba padri, wazee wetu, majirani wa Gatete, na ninyi nyote mliopanda basi kutoka Bujumbura na Nyanza-Lac kuja kutusaidia kulia, amahoro. Familia imenituma mimi, Kezia, mdogo wake marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, na imeniomba nisome polepole na nisome bila hasira, nami ombi la kwanza nimelikubali.

Marehemu Tadeo Misago alizaliwa tarehe 19 Novemba 1973 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nestori na Mama Veronika, ambao wote wametangulia, na ambao walikimbia Rumonge mwaka 1972 wakiwa na sufuria moja na mtoto mgongoni. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ulyankulu kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Tabora kuanzia 1989 hadi 1992, na huko ndiko alikochora ramani ya ziwa la kwao kwa kufuata masimulizi ya baba tu, akatia ndani Rumonge, Magara na vijiji vya katikati, mpaka mwalimu akamwuliza kama amewahi kuliona ziwa hilo, naye akajibu kwamba hajaliona, ila anajua ufuko upi una kivuli saa nne asubuhi. Alichapwa kwa jibu hilo, na tuliporudi nyumbani miaka mingi baadaye tukakuta kivuli kipo pale pale alipokichora.

Mwaka 1994 alikwenda Kigoma, akaajiriwa kuwa karani wa abiria katika maboti ya ziwani, na huko ndiko alikofundishwa na karani aliyemtangulia ile kazi ya kokwa ambayo wengi wenu mliicheka. Karani yule alimwambia kwamba karatasi hulowa, kalamu huisha wino, na mtu anayehesabu kwa mdomo hukatizwa na salamu, lakini kokwa ya chikichi haina neno na mtu. Basi Tadeo alivaa koti lenye mifuko miwili mikubwa, kila abiria akishuka nchi kavu kokwa moja inatoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kila anayepanda chomboni kokwa yake inarudi kulia, na kokwa ya mwisho kabisa ni ya karani mwenyewe, ambayo haihami kabla ya nyingine zote. Kwa miaka kumi na minne hakumwacha mtu ufukweni, na koti lile mkewe, Kornelia, alilishona upya mifuko mara tano.

Alifunga ndoa takatifu na Kornelia tarehe 12 Julai 1997 huko Ulyankulu, wakajaliwa watoto watatu, Karoli, Leokadia na Hubert, ambao wako hapa mbele yenu. Tarehe 23 Oktoba 2008 familia ilirejea Burundi na kufikia Gatete, kwenye shamba la michikichi la baba, ambalo tulilikuta limekaliwa na watu wengine, na badala ya kushika panga kama wengine walivyomshauri, Tadeo alikaa nao chini siku tatu, wakagawana, wakapanda miti mipya mpakani, na majirani hao ndio waliochimba kaburi mnaloliona.

Tarehe 1 Machi 2018 aliajiriwa na kampuni ya meli ya kitalii iitwayo Inanga, inayozunguka ziwa hili na kutia nanga kwenye bandari ndogo na fukwe zisizo na gati, akapewa kazi ya kupanga matembezi ya abiria nchi kavu. Kazi hiyo waliompa hawakuijua wao wenyewe, walidhani ni kuandika saa kwenye karatasi, yeye akaifanya kwa miguu. Kila njia aliipita kwanza na mama mkwe wake, Bibi Anastasia, mwenye umri wa miaka sabini na minne na goti bovu, na muda aliotumia bibi kutoka ufukweni hadi kwenye kinu cha mawese ndio ulioandikwa kwenye ratiba, wala si dakika moja pungufu, kwa maana alisema msafara hutembea kwa miguu ya aliye nyuma. Siku moja kabla ya meli kufika alikwenda nyumba kwa nyumba kupiga hodi, akauliza nani ana mgonjwa, nani ana msiba, nani hataki kupigwa picha, na palipokuwa na msiba meli ilipita. Aliwapeleka wageni sokoni Rumonge kuona mikeke, wale samaki wa ziwa hili, wakipimwa, akawapeleka Gatete kwa kina mama wanaokamua mawese, akawapeleka Magara kuona ndagala, yaani dagaa, wakianikwa, na alikataa katakata kuwalipa watu wacheze ngoma wasiyokuwa na sababu ya kuicheza.

Tena aliandika sheria moja kwa wino mwekundu, kwamba Magara katika miezi ya kiangazi ni ya asubuhi tu, abiria washuke saa mbili na wawe wamerudi melini kabla ya saa sita, kwa sababu mchana upepo wa kusini huamka na mitumbwi ya injini inayowabeba abiria haiwezi kubishana nao. Sheria hiyo ilifuatwa miaka mitano, na ndiyo sababu hamkuwahi kusikia habari za meli hiyo redioni.

Sasa nifike pale ambapo wengine wangependa niparuke. Mwaka 2023 ofisi ya kampuni mjini Bujumbura ilipata mkuu mpya, Bwana Jean-Pierre, ambaye tumemwona ameketi pale mstari wa tatu, na tunamwambia karibu, kwa sababu msibani hafukuzwi mtu. Bwana Jean-Pierre aliona ni vizuri abiria wale kwanza chakula cha mchana melini ndipo washuke, akahamishia Magara saa nane, na marehemu akamwandikia kupinga, akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba kazi yake ni kutembeza wageni na si kutabiri hali ya hewa. Hapo Tadeo alikosea, na alikiri mwenyewe mpaka mwisho, kwamba alitii.

Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa nane na dakika kumi mchana, abiria thelathini na wanane walishuka Magara, kokwa thelathini na nane zikahamia kushoto na ya kwake ikawa ya thelathini na tisa, na kufika saa tisa na nusu ziwa lilikuwa limechafuka lote. Mzee Hakimu, nahodha wa mitumbwi, aliyeko hapa na anayeweza kunikosoa, alitazama maji akasema, "Tadeo, leo ziwa iko mubaya, mimi sipeleke batu," na simu kutoka Bujumbura ikasema wapelekwe hivyo hivyo, kwa kuwa ratiba ya meli haiwezi kungoja. Tadeo alipiga simu kutafuta mabasi ya kuwapitisha barabarani hadi bandari ya Rumonge wakapandie huko, lakini mnaukumbuka mwaka ule, mafuta hayakuwepo, magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye vituo siku tatu, hakuna aliyeweza kuja. Basi akakataa. Aliiambia simu ile kwamba kokwa hizi hazihami leo, akaizima, akaanza kupiga hodi, na kabla jua halijazama wageni wote walikuwa wamegawanywa katika nyumba kumi na moja za Magara, wengine kwa Mariyamu, mke wa Mzee Hakimu, aliyewapa kitanda chake na kulala mkekani, na wakala ugali na ndagala, na mama mmoja mzee wa Kizungu akaomba aongezwe.

Asubuhi ya tarehe 18, maji yakiwa yametulia, mitumbwi iliwarudisha kwenye meli, Tadeo akisimama chini ya ngazi akihamisha kokwa moja moja, na ya thelathini na nane ilipoingia mfuko wa kulia akaweka mguu wake kwenye ngazi, akaambiwa kwa amri ya ofisi kwamba yeye hapandi. Hakuna aliyezama, hakuna aliyekohoa, na mtu aliyewarudisha wote akaachwa kwenye mtumbwi mbele ya abiria wake. Tarehe 4 Septemba 2023 alipewa barua ya kufukuzwa, inayosema kwamba aliwazuia abiria kinyume cha ratiba na kuhatarisha maisha yao, na nakala zake zikapelekwa kwenye mahoteli na kwenye maboti, asiajiriwe popote. Kuhatarisha maisha yao, ndugu zangu! Mtu aliyewatoa mdomoni mwa maji ndiye aliyeandikwa kuwa maji.

Kuanzia hapo marehemu hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa maneno hayo yafutwe. Hakuomba kazi, hakuomba fidia, aliandika barua sita akiomba sentensi ile moja iondolewe, na hakuna iliyojibiwa, na sokoni watu wakawa wanamtania kuwa ndiye bwana aliyelaza Wazungu kwenye mchanga, naye anacheka nao kisha anakuja nyumbani hali chakula. Mwezi Novemba 2024 Leokadia alileta kijitabu kipya cha matembezi cha kampuni hiyo, na katika ukurasa wa saba mna picha ya mlango wa Mariyamu, na juu yake maneno haya, Usiku Mmoja Nyumbani kwa Mvuvi wa Magara, tembezi linalopendwa kuliko yote. Yaani kosa lililomfukuzisha ndilo wanalolitangaza, na hodi hawakupiga, Mariyamu aliiona picha ya mlango wake kwa mara ya kwanza siku tulipompelekea kijitabu. Marehemu alikisoma, akakifunga, akasema tu kwamba saa za kushuka wamezirudisha asubuhi, hilo ni jema.

Shinikizo la damu lilimwanza Oktoba 2023, na tarehe 6 Januari 2025 alipatwa na kiharusi akiwa shambani, akatibiwa Rumonge kisha Bujumbura, na siku ambazo ulimi ulikataa kusema, mkono wa kulia ulikuwa unapapasa shuka kutafuta mfuko. Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameshikwa mkono na Kornelia.

Jana kampuni ilileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa mfanyakazi wetu mpendwa, na ikaomba kwa simu nafasi ya kusema neno la mwajiri. Shada liko nje ya geti, aliyelibeba tumempa chai kwa kuwa hana hatia, na nafasi ya neno la mwajiri familia imempa Mzee Hakimu. Bwana Jean-Pierre, wewe hatukuombi useme, tunakuomba usikilize, na ukiondoka hapa ile sentensi uifute, maana bado ipo kwenye mahoteli yote na watoto wa marehemu wanalitumia jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rumonge na Bujumbura ambao hawakuchoka, majirani wa Gatete kwa kaburi, kwa kuni na kwa maji, watu wa Magara waliofunga ufuko wao leo wakaja wote, mabaharia wa Inanga waliokuja bila ruhusa na ambao majina yao siyasomi kwa faida yao, na yule mama mzee wa Kizungu, aliyemwandikia kila Krismasi na kumwita mwenyeji wake. Murakoze cane, asanteni sana.

Kabla jeneza halijafungwa, Kornelia atafanya jambo moja, msishangae. Marehemu amevaa koti lake la kazi, na mfuko wa kulia una kokwa thelathini na nane, hazijatoka humo tangu asubuhi ile ya Agosti, ila mfuko wa kushoto una moja, ambayo ni ya kwake, na ambayo alikataa kuihamisha mwaka mmoja na nusu kwa sababu hakuruhusiwa kupanda. Mkewe ataihamisha sasa, na Mzee Hakimu atahesabu kwa sauti.

Pumzika kwa amani, kaka Tadeo, wote uliowashusha walipanda, sasa panda na wewe.