Neno Alilolisikia Mkono Mfukoni

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kitu kinanguruma hapo nyumbani, kisimamisheni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi umeme. Mtaani tulimwita Mkono Mfukoni. Hata siku ya kumzika, watu walilia wakiita hilo hilo.

Jina lilitoka kwenye suruali yake. Kila alipogusa waya, mkono wa kushoto aliuchomeka mfukoni. Haukutoka humo mpaka kazi iishe. Watu wakamtania: "Mwoneni anavyoringa! Anatengeneza taa kama anasubiri kupigwa picha!" Yeye alicheka nao, kisha akaeleza. Naomba mlishike hili, maana bila hili hamtaelewa alivyokufa.

"Umeme hauendi mahali usipopata njia ya kurudi," alisema. "Sasa wewe shika waya kwa mkono huu, na mkono wa pili uegemeze kwenye chuma. Umeshaupa njia. Utaingia huku, utatokea kule. Katikati kuna nini? Kuna moyo wako, bwana. Ndiyo maana mkono mmoja mimi naufunga."

Alifanya kazi na dada yake, mdogo wake wa kumfuatia. Kaka kwenye nyaya, dada kwenye boksi la fyuzi. Siku nzima walikuwa wakitaniana. Siku moja nilimwuliza kaka volti ni nini, maana mimi shule niliidonoa tu, hapa kidogo, pale kidogo. Akanionyesha mlango wa duka walilokuwa wanalitengeneza.

"Watu wa nyuma wanasukuma kuingia. Kule kusukuma ndiyo volti. Wale wanaopita, huo ndio mkondo. Na mlango ukiwa mwembamba, ukawabana, huo ndio ukinzani. Sasa msimamishe huyu dada yangu mlangoni. Hapiti mtu!"

Dada akajibu bila kugeuka: "Na wewe ndiyo volti, Kaka. Kusukuma watu tu, kazi hufanyi."

Walikuwa na utaratibu wao. Kaka akipaza sauti "Zima!", dada anabonyeza swichi kubwa, moto unakatika. Kisha dada anamrudishia neno lile lile: "Zima!" Likirudi, ndipo kaka anagusa. Testa alikuwa nayo, ile bisibisi yenye kitaa ndani kinachowaka ukigusa waya wenye moto. Ilikaa mfuko wa shati. Zamani aliitumia kila mara. Baadaye akaiacha ilale humo. "Testa yangu ni dada yangu," alikuwa akisema.

Testa yangu ni dada yangu. Dada mwenyewe ndiye aliyenisimulia maneno hayo, akiwa ameinamisha kichwa.

Wakaitwa kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Matanuri mawili ya umeme yamesimama bega kwa bega. Moja linaoka, la pili limegoma kupata joto. Hewa ya mle ndani inachoma uso. Shati la fundi limelowa, viganja vinateleza. Mashine ya kukandia unga inanguruma. Boksi la fyuzi liko stoo, nyuma ya ukuta.

Kaka akatoa maagizo mawili kwa pumzi moja: "Angalia fyuzi, halafu zima!"

Dada akaichomoa fyuzi. Akaitazama. Haikuungua. Akairudisha mahali pake, akapaza sauti: "Nzima!" Alimaanisha fyuzi haina kasoro. Mkono wake tayari ulikuwa unaelekea kwenye swichi.

Mashine ikaimeza herufi ya kwanza. Ng'ambo ya ukuta, kaka akasikia: "Zima."

Akautoa mkono mfukoni.

Kifuniko cha nyaya za tanuri kilikuwa kizito, kilitaka mikono miwili. Mmoja ukagusa waya, mwingine ukashika chuma cha tanuri. Mwenyewe alikuwa ametufundisha: ngozi kavu ina ukinzani mwingi, huuzuia umeme kidogo, ngozi yenye jasho huufungulia mlango. Msukumo ulikuwa ule ule wa kila siku, volti zile zile. Lakini mlango ulikuwa wazi, na mkondo ukapita kifuani.

Mwokaji alikuwa karibu. "Hakupiga kelele," aliniambia. "Nikadhani ameinama kuchungulia. Halafu nikamsikia dada mtu kule stoo akiita, 'Zima!' Nikashangaa, mbona anaita mara ya pili?"

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kweli, wasikilizaji wapendwa. Hiyo ya pili.

Mama yao ni mshonaji. Msibani alisema mbele ya wote: "Umemwambia kaka yako zima na moto upo." Dada hakujitetea. Aliondoka nyumbani kwa mama yake, akapanga chumba. Mafundi wenzake walimwambia apumzike, na hakupewa kazi tena.

Nilimwendea na kinasa sauti. Hakutaka kusemewa, alitaka kusema mwenyewe. "Sikumwambia zima. Nilimwambia nzima. Mama hajawahi kuniuliza." Nikamwomba alitamke kama alivyolitamka siku ile. Akasimama, akaugeukia ukuta. Kisha akapaza sauti hata jirani akafungua dirisha.

Nikaipeleka sauti ile kwa mama. Alikuwa kwenye cherehani, anapiga pindo la shuka. Nikamwomba asimamishe kidogo.

"Weka," akasema. "Masikio hayashoni."

Nikaweka. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Sauti ya binti ikatoka, cherehani ikilia.

"Si umesikia?" mama akaniambia. "Anasema zima. Mwenyewe anakiri!"

Nikamwambia, "Mama, sasa simamisha mashine."

Akasimamisha. Nikarudia. Chumba kimya kabisa: "Nzima!"

Akaniomba niirudie tena. Nikairudia. Akaondoa miwani, akaipangusa kwa kipande cha shuka, akaivaa, akaivua tena.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi nimesikia zima."

Alichukua simu mwenyewe. Dada alipopokea, mama alimsalimu kama mzazi yeyote anavyosalimu: "U mzima, mwanangu?"

Mama akalisikia neno lililomtoka mdomoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha dada akajibu, kwa sauti ndogo:

"Nipo, Mama."

"Basi njoo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa familia ya Mkono Mfukoni, poleni sana. Mama, pole kwa mwanao. Dada, pole na wewe, maana siku ile kila mtu alifiwa, wewe ukahesabiwa mkosaji. Fundi harudi, na tanuri lile linaoka mikate kama kawaida.

Nanyi mliobaki, fikirieni. Kuna mtu hakuoni, mikono yake iko kwenye waya, anasubiri neno lako. Usiridhike na ulichosema. Mwulize amesikia nini.

Mama aliniahidi kwamba leo watanisikiliza wote wawili, yeye na binti yake, chumba kimoja. Na kwamba mpaka nimalize kusema, cherehani itanyamaza.