Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Mshonaji alijifanya anatazama nje ya basi, kumbe masikio yalikuwa kiti cha mbele. Muuguzi alikuwa akimweleza fundi kompyuta aliyeketi naye kwamba programu ya kozi yake ya mtandaoni iliukataa katakata mfumo wa kompyuta yake, mpaka shemeji yake alipomwekea kompyuta ya pili, ya kiprogramu tu, ndani ya ile ile. "Sasa inafunguka, ila kwa kujikongoja."

"Dada, unaitesa mashine! Niletee nibadilishe mfumo wenyewe, itafunguka kufumba na kufumbua."

"Usithubutu, kaka. Inapozungukazunguka, mimi na baba watoto tunakunywa chai. Tangu tuoane hatujawahi kuongea hivi."

"Lakini kasi, dada…"

Basi likasimama. Fundi alishuka akitikisa kichwa. Mshonaji alishusha pumzi. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na kasi ya kusikitisha: haikuacha hata nafasi ya chai.