Ufa Nyuma ya Jiko

Basi letu lilikuwa limepita Kiminini na mvua ilikuwa inapiga paa vibaya. Mbele yangu mama mmoja mzee alikuwa anamweleza kijana wa kando yake, Yakub, fundi wa redio wa Kitale, habari za ufa uliofunguka ardhini nyuma ya jiko lake huko mlimani. "Wiki jana uliingia mkono," alisema. "Leo asubuhi nimesukuma bua la mahindi, likaenda lote."

Yakub akamuuliza kama amejitayarisha. Kumbe nguo ameshafunga ndani ya nailoni, ng'ombe hafungwi tena usiku, na yeye analala na gambuti miguuni. Mimi kwangu sina hata tochi.

"Na wajukuu?"

"Nimewapeleka kwa msichana wangu, Lugulu. Huko ni tambarare."

"Si uende pia, mama."

"Ile ni nyumba ya mkwe wangu. Kwetu Wabukusu, mama mkwe halali chini ya bati moja na mkwe. Hata mkono hatusalimiani. Ameniambia nije, ati yeye atalala kwa zizi. Sasa nimtoe mtoto wa watu kwa kitanda chake, kwa mvua kama hii? Hiyo aibu nitaishi nayo aje?"

"Angalau utakuwa unaishi," Yakub akasema polepole.

Basi likasimama Kamukuywa, penye njia ya mlimani. Lugulu ilikuwa bado mbele. Mama alipoinuka kushuka, nikaona gambuti ameshazivaa.