Mbolea ya Kando ya Barabara

Mwaka ule wa sabini na tano, ndani ya treni ya kutoka Igalula kwenda Tabora, Zamda mshonaji alifumba macho, lakini masikio aliyaacha wazi. Mbele yake mkulima mzee alikuwa amembana bwana shamba kijana, aliyekutana naye humo humo behewani.

"Shikamoo yako nimeitikia, mwanangu, lakini mbolea sijaiona. Ruzuku yote mmeimwaga kwenye mahindi ya kando ya barabara, penye mchanga mtupu! Sisi wa bondeni hatukupata hata kopo."

"Mzee wangu, mgeni wa mkoani alitaka kuona maendeleo."

"Aliona nini? Alipita mbio na Landrova, vioo kavifunga kwa ajili ya vumbi!"

"Ameandika kwamba ameridhika," kijana alijibu, kwa fahari ya mtu aliyevuna magunia mia.

"Vizuri. Basi wajukuu zangu nitawapikia huko kuridhika kwake."

Zamda akakohoa ili asicheke. Treni ikasimama Tabora. Bwana shamba akawa wa kwanza kuteremka, akamwinamia muuza mahindi ya kuchoma.

"Haya ya wapi, mama? Kama ni ya bondeni, nipe mawili."